Simu Haina Ukurasa wa Mwisho: Somo kwa Wazazi

Gazeti hili ulilolishika lina ukurasa wa mwisho. Ukiufikia utalikunja, utampa jirani naye asome, kisha utaendelea na shughuli zako. Redio ya betri waliyokuwa nayo wazee wetu kule Keroka na Ogembo nayo ilikuwa na mwisho: betri zikiisha nguvu, nyumba ilinyamaza. Hata runinga ya taifa ilikuwa na mwisho. Usiku ulipokuwa mwingi wimbo wa taifa ulipigwa, picha ikazimika, na aliyekuwa bado macho hakuwa na la kutazama tena.

Simu iliyo mfukoni mwako haina mwisho wa aina hiyo, na haikutokea hivyo kwa bahati tu. Mnamo mwaka wa 2006 fundi mmoja wa kompyuta nchini Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usiokoma: msomaji akifika chini, habari nyingine hujiongeza zenyewe. Baadaye Raskin alieleza hadharani kwamba anajutia matumizi ya ubunifu huo. Leo video moja ikimalizika nyingine huanza bila ya kuguswa, na mchezo ukikushinda unaalikwa kuurudia papo hapo.

Msomaji mpenzi, somo letu la wiki hii linahusu jambo hilo moja. Mwili wa binadamu, hasa wa mtoto, unahitaji miisho: mwisho wa mlo, mwisho wa mchezo, mwisho wa siku. Kifaa kisicho na mwisho hakitauweka chenyewe, na mtoto wa miaka minne hawezi kujiwekea. Atakayeuweka ni mzazi.

Chombo chenyewe si adui

Naandika haya nikiwa daktari, na pia mzazi anayependa mitambo. Kifaa kipya kikiingia nyumbani, mimi ndiye wa kwanza kukifungua nione kinavyofanya kazi. Kwa hivyo sitakuambia uzitupe simu zako katika Mto Gucha.

Tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini mwezi Machi 2007, simu imeokoa maisha kwa njia ambazo hazihesabiki kwa urahisi. Mama mjamzito aliye mbali na barabara kule Nyamira hutumiwa nauli saa sita za usiku na kufika hospitalini kabla ya mapambazuko. Mgonjwa wa kisukari hujiwekea kengele ya kumkumbusha dawa. Shuleni nako mambo yamebadilika. Mwaka wa 2016 serikali ilianza kusambaza vifaa vya kidijitali kwa wanafunzi wa madarasa ya chini. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, watoto wengi waliwekewa simu mikononi kwa mara ya kwanza ili wasome. Sasa kazi za nyumbani za Mtaala wa Umilisi huja kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na mzazi hana budi kuzifungua.

Basi swali la kujiuliza si kama simu ni nzuri au mbaya. Swali ni hili: saa mbili ambazo mtoto amekaa na simu zilikuwa za nini hapo awali? Zilikuwa za kucheza nje? Za kuzungumza na nyanya yake? Za kulala? Aghalabu madhara yanayofika kliniki hayatokani na kile kilichoonekana kwenye kioo, bali na kile kilichokosekana wakati kioo kinatazamwa. Tutazame sehemu nne ambapo kukosekana huko huonekana mapema.

1. Ulimi wa mtoto mdogo

Mwezi Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Unasema hivi kwa ufupi:

– Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja: asikalishwe mbele ya kioo kabisa.
– Mtoto wa mwaka mmoja: vilevile, haipendekezwi.
– Mtoto wa miaka miwili hadi minne: isizidi saa moja kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora zaidi.

Kwa nini masharti haya? Mtoto hujifunza kusema kwa kubadilishana zamu na mtu. Yeye hutoa sauti, mama humjibu, naye hutoa nyingine. Video haimngoji ajibu. Huendelea kusema hata akinyamaza.

Mwaka wa 2024 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya kufuatilia familia 220 kwa vifaa vidogo vya kurekodi sauti nyumbani. Waligundua kwamba mtoto alipofika umri wa miaka mitatu, kila dakika moja ya ziada mbele ya kioo iliambatana na maneno yapatayo 7 pungufu kutoka kwa watu wazima, na pia sauti zipatazo 5 pungufu kutoka kwa mtoto mwenyewe. Piga hesabu ya saa moja: ni maneno yapatayo 400 ambayo mtoto hakuyasikia siku hiyo. Hebu fikiria mwaka mzima.

Sisi wa Kisii tuna la zaidi la kupoteza. Mtoto wa mjini hapa anatarajiwa kujua lugha tatu: Ekegusii, Kiswahili na Kiingereza. Katuni za mtandaoni zitamfunza nyimbo za Kiingereza, lakini hazitamfunza kumwamkia babu yake kwa Ekegusii. Hilo hufunzwa na mtu mzima aliyeketi karibu naye akimtazama usoni.

Zitambue dalili za kuchelewa kusema. Muone mhudumu wa afya endapo:

– Mtoto wa miezi 12 hatoi sauti za kubwabwaja, wala hapungi mkono au kuashiria kwa kidole.
– Mtoto wa miezi 18 hajasema hata neno moja lenye maana.
– Mtoto wa miaka miwili haunganishi maneno mawili, kwa mfano "mama kuja" au "nataka maji".
– Mtoto wa umri wowote aliyekuwa akisema sasa ameacha.

Hapa nakuomba uwe makini. Usiseme, "Ni simu tu, nitamnyang'anya atasema." Huenda mtoto hasikii vizuri kwa sababu ya ugonjwa wa masikio, au ana usonji, au tatizo jingine linalohitaji matibabu mapema. Mpeleke kliniki ya watoto, uombe apimwe masikio na achunguzwe ukuaji wake. Simu utaiondoa njiani unapokwenda, lakini usiifanye kuwa sababu ya kutokwenda.

Liko jambo jingine la watoto wa rika hili: kulishwa wakitazama katuni. Mama huniambia, "Daktari, bila simu hali kitu." Mtoto huyo hufungua kinywa bila kujua anachokula. Hajifunzi kutambua njaa wala shibe, na hajui kama ni matoke au chinsaga iliyo kinywani mwake. Mwache ahisi njaa kidogo, mkalishe na wengine, mpe sahani yake ajaribu kujilisha. Siku mbili tatu za kwanza zitakuwa na kelele. Mtoto mwenye afya njema hatakaa na njaa mbele ya chakula kwa muda mrefu. Lakini asipokula kabisa, au uzani wake ukipungua, mlete apimwe.

Kuna ruhusa moja. Mazungumzo ya video na jamaa walio mbali hayahesabiwi sawa na katuni. Familia nyingi za hapa zina shangazi au mjomba kule Minnesota, Marekani, au baba aliye kazini Ghuba. Mtoto anapomwona shangazi, akamwita na shangazi akamjibu, hayo ni mazungumzo ya kweli. Tena yana mwisho wake: watu huagana.

2. Macho

Jicho la mtoto linakua kama mguu unavyokua. Likirefuka kupita kiasi, picha ya vitu vya mbali huangukia mbele ya mahali inapopaswa kuangukia, na mtoto huona ukungu akitazama ubao. Hali hii ya kutoona mbali imeongezeka sana duniani, hasa katika miji ya Asia ya Mashariki.

Kutazama kitu cha karibu kwa muda mrefu ni sehemu ya tatizo, kiwe simu au kitabu. Lakini sehemu nyingine ambayo wazazi wengi hawaijui ni ukosefu wa mwanga wa nje. Mwanga wa mchana huchochea kemikali ndani ya jicho zinazolizuia kurefuka kupita kiasi. Ndani ya nyumba, hata taa zikiwashwa zote, mwanga ni hafifu mno ukilinganishwa na wa nje, hata siku yenye mawingu.

Mjini Guangzhou, China, shule 12 zilishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015. Wanafunzi wa darasa la kwanza katika nusu ya shule hizo waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, kati ya walioongezewa muda huo waliopatwa na tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4. Kati ya wasioongezewa walikuwa asilimia 39.5. Hakuna dawa waliyotiwa wala miwani waliyovishwa, ila mwanga wa jua tu.

Wataalamu wengi wa macho hupendekeza saa mbili za nje kwa siku. Kwetu Kisii mvua hupenda kunyesha alasiri, na mara nyingi mtoto akirudi kutoka shule wingu limeshatanda. Kwa hivyo usiiweke hesabu yote jioni. Mwache atembee kwenda shuleni ikiwa njia ni salama, acheze wakati wa mapumziko, na asubuhi za Jumamosi na Jumapili zisianze na runinga. Anayeishi ghorofani Jogoo au Mwembe na hana uwanja, ampeleke mtoto sokoni abebe kikapu, au mashambani kwa babu yake mwisho wa juma.

Wakati wa kutumia kioo, fuata kanuni nyepesi: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Kitu hicho kinaweza kuwa mgomba ulio ng'ambo ya ua. Pia mkumbushe mtoto kupepesa macho, kwa sababu anayekodolea kioo hupepesa mara chache na macho yake hukauka na kuwasha.

Mtoto anayesogelea ubao au runinga, anayekunja uso ili aone mbali, au anayelalamika kuumwa na kichwa kila akitoka shuleni, apimwe macho. Usingoje alama za mtihani zishuke.

3. Usingizi

Hapa ndipo ninapoona hasara kubwa zaidi. Saa za usingizi zinazohitajika kila siku, pamoja na usingizi wa mchana kwa walio wadogo, ni hizi:

– Miaka 1 hadi 2: saa 11 hadi 14.
– Miaka 3 hadi 4: saa 10 hadi 13.
– Miaka 6 hadi 12: saa 9 hadi 12.
– Miaka 13 hadi 18: saa 8 hadi 10.
– Mtu mzima: saa 7 au zaidi.

Sasa tufanye hesabu ya nyumba yako. Mwanao ana miaka kumi na huamka saa kumi na moja alfajiri ili aliwahi basi la shule. Ili apate saa 9, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa, inabidi awe amelala fofofo saa mbili usiku. Si kuingia kitandani saa mbili, bali awe ameshalala. Taarifa ya habari ya saa moja ikimalizika, yeye awe ameshaoga na kupiga mswaki. Dada yake wa miaka kumi na tano anayeamka saa hiyohiyo inambidi alale saa tatu usiku ili apate saa 8.

Ukiifanya hesabu hii kwa kweli utaona kwamba nyumba nyingi hazina nafasi ya simu baada ya chakula cha jioni. Hakuna aliyeizuia nafasi hiyo. Haikuwepo tangu mwanzo.

Wengi huamini kwamba tatizo ni mwanga wa buluu peke yake. Mwanga una sehemu yake, kwa maana huchelewesha melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba ni usiku. Katika utafiti uliofanywa Boston na kuchapishwa mwaka wa 2015, watu 12 walisoma kwa saa nne kabla ya kulala, siku kadhaa kwenye kifaa chenye mwanga na siku nyingine kwenye kitabu cha karatasi. Kifaa kilichelewesha homoni hiyo kwa takriban saa moja na nusu. Lakini angalia: walichelewa kushikwa na usingizi kwa dakika 10 hivi tu.

Iwapo mwanga huleta dakika 10, saa mbili nyingine anazopoteza kijana wako zinatoka wapi? Zinatoka kwenye ukosefu wa mwisho. Ujumbe mmoja huleta mwingine, video moja huvuta ya pili, na rafiki aliye macho humweka mwenzake macho. Kupunguza mwangaza wa kioo hakutamsaidia sana. Atakachosaidiwa nacho ni simu kulala chumba kingine.

Mtoto aliyekosa usingizi haonekani kila mara kama mwenye usingizi. Mkubwa husinzia darasani. Mdogo hufanya kinyume: huwa na hasira, hutupatupa vitu, hawezi kutulia. Wazazi wengi huleta mtoto wa namna hiyo wakidai ni mtundu. Kabla ya kumpa jina lolote, mlaze mapema kwa wiki mbili, kisha umtazame tena.

4. Mazoea yanapogeuka ugonjwa

Mzazi huniuliza, "Je, mwanangu amekuwa mraibu?" Neno hilo tusilitumie ovyo. Kijana anayependa mchezo wa simu si mgonjwa. Lakini uko ugonjwa wa kweli wa michezo ya kidijitali, nao umo katika orodha ya magonjwa ya WHO iliyopitishwa mwaka wa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni tatu:

Kwanza, ameshindwa kujizuia: hawezi kuamua aanze lini wala akome lini. Pili, mchezo umetangulizwa mbele ya mambo mengine yote, kama vile chakula, masomo na marafiki. Tatu, anaendelea ingawa anaona madhara. Kwa kawaida hali hii iwe imedumu kwa muda wa miezi 12 na kuharibu maisha yake kwa kiasi kikubwa, ingawa ikiwa kali hatungoji muda huo wote.

Orodha hiyohiyo ina ugonjwa wa kucheza kamari, nao hutambuliwa kwa dalili zinazofanana. Siku hizi kamari imo ndani ya simu ileile inayotumiwa kulipia karo. Kijana anayeficha simu, anayekopa pesa kwa watu asiosema, au anayeuza vitu vya nyumbani, asipigwe wala asitukanwe. Keti naye, kisha umlete kwa daktari au mshauri nasaha. Nyuma ya mazoea kama hayo mara nyingi huwa kuna huzuni, upweke au hofu inayotibika.

Mkono wa mzazi

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Katika jambo hili yeye hafuati maneno yako. Hufuata mkono wako. Mtoto anayenyonya hutafuta macho ya mama, na akikuta yanatazama kwingine hujaribu tena, kisha huacha. Mtoto wa miaka mitano anayesimulia yaliyotokea shuleni, huku baba akiitikia "mm, mm" bila kuinua kichwa, hujifunza kwamba habari zake hazina uzito. Akifika kumi na minne utataka akusimulie, naye atakuitikia "mm, mm."

Ndiyo maana kanuni za simu zisiandikwe kwa ajili ya watoto peke yao. Kama simu haziruhusiwi mezani, basi na ya baba isiwepo. Kama una kazi ya lazima, iseme waziwazi: "Namjibu mteja, nikimaliza nitaiweka." Kwa njia hiyo mtoto anaona kwamba hata mtu mzima huweka mwisho.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, mawimbi ya simu huleta saratani ya ubongo? Mwaka wa 2011 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliyaweka mawimbi hayo katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani, kwa kuwa ushahidi wa wakati huo ulikuwa mdogo. Mapitio makubwa yaliyofanywa kwa ombi la WHO na kuchapishwa mwaka wa 2024 hayakuona uhusiano kati ya kutumia simu na saratani ya ubongo. Hofu yako ipeleke kwenye usingizi badala yake.

Je, ninunue miwani ya kuzuia mwanga wa buluu? Mwaka wa 2023 wataalamu wa Cochrane walikusanya matokeo ya majaribio 17 na kuona kwamba kwa muda mfupi huenda miwani hiyo haipunguzi uchovu wa macho. Pesa hizo tumia kumpima mtoto macho, na mpira wa kuchezea nje.

Je, ni umri gani wa kumnunulia simu yake mwenyewe? Baada ya bonasi ya majani chai mwezi Oktoba, na likizo ya Desemba ikiwa mlangoni, swali hili huwa jingi. Sitakupa umri. Nitakupa kipimo: je, anaweza kuweka chini kitu anachokipenda akiambiwa mara moja? Je, atakuja kwako bila woga iwapo mtu asiyemjua atamwomba picha? Kama jibu la lolote ni hapana, atumie simu ya nyumbani, sebuleni, mbele ya watu. Na mwambie mapema kwamba akiombwa picha za mwili wake au akitishwa, kosa si lake, wala hatanyang'anywa simu kwa kusema ukweli. Nambari ya 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo popote nchini.

Kazi ya wiki hii: miisho mitano

Usianze na yote kwa siku moja. Anza na ule ulio mwepesi zaidi nyumbani kwako.

1. Mwisho wa video. Fungua mipangilio ya programu ya video na uzime uchezaji wa kujiendeleza wenyewe. Bora zaidi, pakua vipindi viwili mapema, kisha uzime data. Vikimalizika, vimemalizika, na si wewe uliyekataza.

2. Mwisho wa kipindi, si wa dakika. Mtoto mdogo haelewi "dakika kumi". Anaelewa "katuni hii ikiisha, tunakwenda kuoga." Mwambie kabla ya kuanza, umkumbushe katikati, na ikiisha simamisha bila mjadala. Akilia, mwache alie ukiwa karibu naye. Usimrudishie ili anyamaze, maana utamfunza kwamba kilio ndicho kitufe cha kuiwasha.

3. Mwisho wa siku. Chagua mahali pamoja sebuleni pa kuchajia simu zote, za wazazi pia. Saa moja kabla ya kulala, simu ziwe hapo. Nunua saa ya kengele ya mezani ili "nahitaji simu iniamshe" isiwe kisingizio. Ukiwa na WiFi nyumbani, iweke ijizime usiku. Vifaa vingi vina mpangilio huo ndani yake, na kama chako hakina, fundi wa umeme atakufungia swichi ya saa.

4. Mwisho wa mlo. Tangu chakula kinapopakuliwa hadi vyombo vinapoondolewa, hakuna simu wala runinga. Wanaopata taabu kuanza mazungumzo waulize swali moja kila mtu: leo ni nini kilikuchekesha?

5. Mwisho wa juma. Nusu siku moja kila wiki watoto wawe nje bila ya kioo chochote, iwe uwanjani, kanisani au msikitini pamoja na wenzao, au shambani. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji dakika 60 kwa siku za kuuchosha mwili, kwa mujibu wa mwongozo wa WHO wa mwaka 2020. Kukimbia, kuruka kamba, kuchota maji na kupalilia, vyote vinahesabika.

Jipime

Kabla ya kulikunja gazeti, jibu maswali haya pamoja na mwenzako nyumbani:

– Jana kila mtoto wetu alilala saa ngapi? Tuhesabu kwa vidole, tusikisie.
– Ni lini mara ya mwisho mtoto mdogo alitueleza jambo, nasi tukamtazama hadi akamaliza?
– Je, kila mtoto alikuwa nje kwenye mwanga wa mchana kwa muda gani wiki hii?
– Ni nani nyumbani humu ambaye simu yake hulala naye kitandani?

Yaandike majibu kwenye karatasi, uibandike karibu na mahali mtakapochajia simu. Baada ya wiki mbili jibuni tena, mlinganishe. Ikiwa saa za usingizi zimeongezeka hata kwa saa moja, mmeshafaidi, na utaliona hilo asubuhi, mtoto atakapoamka bila ya kuvutwa shuka. Ikiwa hazikuongezeka, angalieni ni mwisho upi uliovunjwa, na ni nani aliyeanza kuuvunja.